Banda limekaa tupu miezi minane: nianze tena au niache?

Swali la msomaji: "Shikamoo daktari. Mimi ni mama wa watoto wawili, naishi Morogoro mjini. Mwaka jana nilikopa kwenye kikundi chetu cha VICOBA nikanunua vifaranga 300 wa kuku wa nyama. Wiki ya kwanza walikufa 31, wengi niliwakuta asubuhi wamelaliana kwenye kona. Nilikuwa na majiko mawili ya mkaa na turubai pande zote. Wiki ya pili na ya tatu walikufa 6 tu, nikamshukuru Mungu. Siku ya 7 niliwapa chanjo ya kideri kwenye maji. Ya gumboro nilitakiwa kutoa siku ya 14 lakini dukani haikuwepo, nikaipata siku ya 19. Siku ya 23 wakaanza kujikunyata, manyoya yamesimama, wanaharisha maji meupe. Muuza duka akanipa antibayotiki na vitamini. Ndani ya wiki moja walikufa 148. Waliobaki 115 niliwauza harakaharaka kwa bei ya kutupa. Deni nimemaliza kulipa mwezi uliopita kwa kuuza vitenge. Sasa kaka yangu yuko tayari kunipa mtaji nianze tena, lakini kila nikilisogelea lile banda moyo unanienda mbio. Shemeji zangu wanasema walinionya. Nifanyeje nitoe woga huu? Au nikubali tu kwamba ufugaji si fungu langu?"

Marahaba, mwanangu, na pole kwa hasara. Kuuza vitenge hadi ukamaliza deni la kuku waliokufa si jambo dogo, na nimeshangaa umelitaja kwa sentensi moja tu katikati ya kujilaumu.

Huo woga, kwa sasa, sitaki uutoe. Una kazi yake. Unakwambia kuwa kuna kitu kiliua kuku bandani mwako na mpaka leo hujakijua jina. Mtu mwenye akili timamu lazima aogope kuweka vifaranga wengine mahali pale pale kabla hajajua. Ungeniandikia kwamba huogopi chochote na umeshaweka oda ya 500, ningeogopa mimi kwa niaba yako.

Najua wanaokutakia mema wamekwambia kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi. Ni kweli. Ila mhunzi aliyevunjikiwa na koleo huokota vipande akatazama palipokatikia: chuma chenyewe kilikuwa kibovu, au ni yeye aliyebana vibaya? Wewe vipande umevifungia bandani miezi minane. Na ajabu ni kwamba barua yako ina kila kitu cha kuchunguza. Ina siku, ina idadi, ina dalili. Umeiandika kama mtu anayetubu, mimi nimeisoma kama ripoti, na kama ripoti ni bora kuliko nyingi ninazoletewa na wafugaji wa miaka mingi ambao huniambia tu "kuku wamekufa, daktari, nipe dawa."

Basi tuisome pamoja.

Kitu cha kwanza ninachokiona ni kwamba umejumlisha vifo 185 ukavifanya msiba mmoja. Ni misiba miwili tofauti, haina hata undugu. Na ndani yake kuna vifo ambavyo si msiba kabisa: katika kuku wa nyama, wafugaji wazoefu huhesabu kwamba 3 hadi 5 katika kila 100 hawatafika sokoni hata mambo yakienda sawa. Kwako hao ni kuku 9 hadi 15. Hao wangekufa hata kwangu.

Msiba wa kwanza ni wa baridi. Kifaranga wa siku moja hawezi kutunza joto la mwili wake. Anategemea joto la nje kwa karibu wiki mbili za mwanzo, na wiki ya kwanza anahitaji nyuzi 32 hadi 35, kisha unapunguza nyuzi 2 au 3 kila wiki. Jiko la mkaa ulilolijaza saa 3 usiku halifiki asubuhi. Saa 9, saa 10 za usiku, upepo ukishuka kutoka Uluguru, mkaa umekuwa majivu, vifaranga wanatafuta joto na joto pekee lililobaki ni miili ya wenzao. Wanakimbilia kona, wa juu wanaota joto, wa chini wanakosa hewa. Ndiyo maana uliwakuta wamelaliana. Hawakuugua. Walibanana.

Hapo hapo nikuonye kuhusu lile turubai, maana nadhani hujui ulivyoponea chupuchupu. Jiko la mkaa ndani ya chumba kilichofungwa pande zote hutoa hewa ya sumu isiyo na harufu wala rangi, kaboni monoksidi, ile ile inayoua watu wanaolala na jiko chumbani. Vifaranga wakiuawa na hewa hiyo unawakuta wametawanyika, kila mmoja alipokuwa, na damu yao inakuwa nyekundu kupita kawaida. Wako walikuwa rundo moja kwenye kona, kwa hiyo naelekea kwenye baridi. Lakini safari nyingine acha nafasi ya juu, chini ya paa, hewa ipite. Jiko liwashwe nje, liingizwe moshi ukishaisha, likalie tofali.

Je, kosa hili lilihitaji kipaji fulani ambacho wewe hukujaliwa? Lilihitaji saa ya kukuamsha saa 9 usiku na vipande vya kadibodi vya kuzungushia vifaranga duara ili pasiwe na kona ya kurundikana. Kadibodi unaipata bure dukani kwa mangi. Nunua na kipimajoto ukiweza, ila hata bila hicho, vifaranga wenyewe wanasema. Wakikusanyika chini ya jiko, wana baridi. Wakilikimbia jiko na kuhema midomo wazi, joto limezidi. Wakisogea wote upande mmoja, kuna upepo unaingia upande wa pili. Wakitawanyika, huyu anakula, yule amelala, kalale na wewe.

Nakaa sana kwenye vifo hivi 31 kwa sababu wewe umevipita upesi. Umevitaja kama utangulizi wa maafa yenyewe. Hasara kubwa ina tabia hiyo, inaficha ile ndogo iliyotangulia. Ungeanza tena kesho ukiwa umejifunza habari ya chanjo peke yake, ungepoteza tena kifaranga mmoja katika kila kumi kabla hata siku ya chanjo haijafika, na hapo ungesema: unaona, si fungu langu.

Sasa wiki ya nne. Sikuwaona kuku wako, na hakuna mtu aliyempasua hata mmoja, hilo nitalirudia. Lakini tazama ulichokiandika. Umri wa siku 23. Kujikunyata, manyoya kusimama, kuharisha maji meupe. Vifo vinapanda ghafla, vinafika kileleni, na ndani ya wiki moja vimekwisha. Koksidiosi ingekuletea kinyesi chenye damu. Kideri kingeonyesha shingo kupinda, kukoroma, mharo wa kijani. Ule ugonjwa wa vifaranga wa kuhara kweupe hupenda siku za mwanzo mwanzo. Picha uliyonichorea ni ya gumboro, na gumboro hupenda umri huo huo, wiki ya 3 hadi ya 6.

Gumboro ni kirusi. Jina lake ni la mahali, Gumboro katika jimbo la Delaware, Marekani, ambako ugonjwa huu ulitambuliwa mara ya kwanza na kuandikwa mwaka 1962. Hushambulia tezi ndogo iliyo juu ya tundu la haja ya kuku, ambako kinga ya kifaranga hutengenezwa. Kwa hiyo hata anayepona hubaki dhaifu, kila ugonjwa unaopita unamkuta mlango wazi.

Antibayotiki haziui kirusi. Fedha uliyotoa dukani ilikuwa bure, pengine ilisaidia kidogo maradhi nyemelezi tu. Na kwa kuwa tunasema ukweli: wale 115 uliowauza harakaharaka walikuwa wametoka kunywa dawa. Kila dawa ina siku za kusubiri kabla kuku hajaliwa, zimeandikwa kwenye pakiti. Uliuza kwa kuhofia kupoteza na hao, naelewa, ila wamefika kwenye sahani za watu. Usirudie hilo.

Twende kwenye chanjo ya siku ya 19, maana hapa ndipo unapojihukumu zaidi. Unadhani ulichelewa siku tano na siku tano hizo zikaua kuku 148. Kuchelewa kulichangia, sikatai. Kinga ya chanjo haiji siku unayoitoa, inachukua siku kadhaa kujengeka, na kirusi cha gumboro kikishaingia kwa kuku huonyesha dalili ndani ya siku 2 au 3. Kuku wako walianza kuugua siku nne baada ya chanjo. Inaelekea walikuwa wanakutana na ugonjwa wakati mwili bado haujajipanga. Lakini chanjo haikuwepo dukani. Hukuisahau, hukuidharau, uliifuata ukaikosa. Kosa lako hapo ni dogo na linarekebishika: ulianza kuitafuta siku ile ile unayoihitaji. Chanjo zote huwekewa oda siku unayoweka oda ya vifaranga.

Kuna maswali mengine ambayo barua yako haijayajibu, na nataka uyajibu wewe mwenyewe kwenye karatasi, kimya kimya, bila kujipiga. Chanjo ile dukani ilikuwa ndani ya friji au juu ya kaunta? Uliibeba vipi hadi nyumbani? Chanjo hai inatakiwa kukaa kwenye ubaridi wa nyuzi 2 hadi 8, na mfuko wa mkoba ndani ya daladala mchana ni joto la kuimaliza. Chupa ya chai yenye barafu ndani inatosha kuibebea. Maji uliyoichanganyia yalikuwa ya bomba? Klorini inaua chanjo kama inavyoua vijidudu vingine, kwa hiyo tumia maji ya kisima au ya mvua, yenye maziwa ya unga yasiyo na mafuta, gramu 2 au zaidi kidogo kwa lita. Kuku waliachwa na kiu kwa saa moja au mbili kabla ya kupewa, ili wote wanywe na kumaliza upesi? Vyombo na maranda ulivipata wapi, au vilitoka kwa jirani aliyefuga kabla yako? Kirusi cha gumboro kinaweza kukaa miezi ndani ya banda na kwenye vyombo visivyosafishwa.

Ukiyajibu hayo utaona jambo ambalo wafugaji wengi huishi nalo bila kulijua: inawezekana hata ungechanja siku ya 14, kuku wangekunywa maji yenye chanjo iliyokwisha kufa. Na jirani yako, ambaye kuku wake walipona mwaka ule na anakupa ushauri, inawezekana alifanya makosa hayo hayo, ila kirusi hakikupita kwake. Kufaulu kwa bahati hakumfundishi mtu kitu.

Hili la chanjo kufa njiani lina historia. Kideri kimekuwa kikifagia kuku wa vijijini mwaka hadi mwaka, na chanjo zilikuwepo, lakini zilitaka friji kutoka kiwandani hadi kwa mfugaji, na kijijini friji hakuna. Watu walichanja, kuku wakafa, wakasema chanjo ni uongo. Wangeweza kulaumiwa kwa uzembe hadi leo. Badala yake watafiti wa Chuo Kikuu cha Queensland, Australia, wakatengeneza chanjo inayostahimili joto zaidi, inayoitwa I-2, ambayo mtu humdondoshea kuku tone moja jichoni. Inatengenezwa hapa hapa Tanzania, na imeokoa kuku wengi wa kienyeji. Hakuna mwanakijiji aliyebadilishwa tabia yake. Kilichobadilishwa ni ile sehemu ya kazi iliyokuwa inavunjika kila mara. Nawe ukitazama makosa yako, tafuta palipovunjika. Mtu aliyekuwa amesimama hapo mwache kwanza.

Na sasa lile nililosema nitalirudia. Kosa kubwa kuliko yote katika barua yako hujalitaja kabisa. Kuku 148 walikufa ndani ya wiki moja, katika mji wenye Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, SUA, chenye ndaki nzima ya tiba ya wanyama, na hakuna kuku hata mmoja aliyepelekwa kupasuliwa. Siku ya 23 ungetia kuku wawili waliokufa alfajiri na mmoja mgonjwa ndani ya ndoo yenye mfuniko na barafu kidogo, ukawapeleka. Mtaalamu angetazama ile tezi, angetafuta madoa ya damu kwenye nyama ya paja na kifua, na ungerudi nyumbani na jina la ugonjwa. Pengine usingewaokoa wengi. Ila miezi hii minane usingekuwa unaogopa banda. Ungekuwa unaogopa gumboro, na gumboro ina chanjo.

Kwa nini hukupeleka? Nadhani ninajua, kwa sababu nimeiona kwa wafugaji wengi. Mtu akishikwa na hofu hutafuta dawa kabla ya sababu. Na kuna aibu. Kupeleka kuku aliyekufa kwa mtaalamu ni kukiri mbele ya mtu kwamba mambo yamekwenda vibaya, na wewe kila wiki ulikuwa tayari unakaa kwenye kikao cha kikundi, mbele ya wanawake wenzako, na rejesho mkononi. Hapo niseme neno juu ya mkopo wenyewe. Kuku wa nyama anauzwa wiki ya 5 au ya 6. Ikiwa marejesho yako yalianza wiki ya pili, ulikuwa unalipa kwa fedha ambayo bado inakula pumba bandani. Hata kuku wote 300 wangepona, mwezi wa kwanza ungekuwa na presha. Mkopo wa namna hiyo unafaa biashara ya vitenge, inayozungusha fedha kila siku, kama ulivyojionea mwenyewe.

Ndiyo sababu nasema usianze na 300. Najua kaka yako ana moyo mzuri, na najua wazo linalokuzunguka kichwani: nikiweka 300 au 400 nitafidia yote kwa mkupuo. Mwaka 1979 wanasaikolojia Daniel Kahneman na Amos Tversky walionyesha kwamba hasara humuuma mtu kuliko faida ya kiasi kile kile inavyomfurahisha, na kwamba mtu aliye kwenye hasara huwa tayari kubahatisha kuliko kawaida yake ili tu arudi alipokuwa. Wacheza kamari wanalijua hilo bila kusoma. Fedha iliyopotea imepotea. Kuku wapya hawana deni lake.

Anza na 50. Kuku wa nyama hula takriban kilo 3 na nusu hadi wiki ya tano, kwa hiyo 50 watakula kama mifuko mitatu na nusu ya kilo 50, wakati 300 wangekula mifuko 21. Chakula ndicho kinachokula fedha, asilimia 60 hadi 70 ya gharama yote. Piga hesabu kwa bei za Morogoro za wiki hii, ongeza vifaranga, mkaa, chanjo, maranda, kisha jiulize: wakifa wote 50, nitakosa ada ya mtoto? Nitahitaji kumwambia mtu? Jibu likiwa ndiyo, punguza hadi 30. Kwa idadi hiyo faida itakuwa ndogo, pengine hakuna. Usiitegemee. Unachonunua ni mzunguko mmoja kamili, tangu kifaranga hadi sokoni, ukiwa macho.

Nunua daftari la shule. Kila siku andika idadi ya waliokufa, chakula kilicholiwa, hali ya hewa, na ulichokiona. Nakazia ulichokiona. "Jumanne alfajiri, jiko la kulia limezimika, vifaranga wako wote chini ya la kushoto, amekufa 1." Huo ni mstari wa mfugaji. "Leo nimezembea tena, sijui nina nini" huo ni mstari wa mtu anayejiumiza, na ukiusoma baada ya mwezi hautakusaidia kitu. Na unapobadilisha jambo, badilisha moja. Ukibadilisha wakala wa vifaranga, aina ya chakula na banda kwa wakati mmoja, mambo yakiharibika au yakinyooka hutajua limefanya lipi.

Ukurasa wa kwanza wa daftari, kabla vifaranga hawajafika, andika sheria yako ya hatari. Mimi ningeandika hivi kwa kuku 50: baada ya wiki ya kwanza, wakifa wawili siku moja, mmoja anakwenda kupasuliwa siku hiyo hiyo, na dawa hainunuliwi kabla ya majibu. Iandike ukiwa umetulia mchana, kwa sababu usiku wa manane, mbele ya kuku aliyelala miguu juu, hutaweza kuamua. Kinachokuamsha moyo ukienda mbio ni kwamba hujui kifo kimoja ni cha kawaida au ni mwanzo wa 148. Sheria ikishaandikwa, kifo kimoja kinaandikwa kwenye daftari, unakunywa chai.

Banda lenyewe unaweza kuanza nalo hata kesho, maana halihitaji fedha ya kaka. Ingia mchana, si jioni, na uwe na mtu. Siku ya kwanza toa maranda ya zamani uyachome au uyafukie mbali. Moyo utakwenda mbio, uache uende, fanya kazi kidogo halafu toka. Siku nyingine osha kuta na sakafu kwa maji ya sabuni mpaka uchafu wote utoke, kwa sababu dawa ya kuua vijidudu haifanyi kazi juu ya kinyesi. Kisha dawa, kisha chokaa, kisha acha likauke. Vyombo vyote vivyo hivyo. Mlangoni weka beseni la dawa la kukanyaga na ndala za humo ndani tu, na wageni wakaangalie kuku kwa nje. Mwili unalikumbuka banda kwa siku zile za mwisho. Ukilifanyia kazi siku kadhaa bila kuku kufa, utalizoea upya. Ila ukiona woga umevuka banda, hulali, huli, unaogopa hata duka la vitenge, hilo si la daktari wa kuku. Nenda hospitali uombe kuonana na mtu wa afya ya akili, na usione haya.

Kuhusu shemeji zako: walikuonya nini hasa? Kama yupo aliyesema, "Chanjo ya gumboro uiwekee oda mapema," huyo mrudie, ana akili. Kama walisema tu kuku watakufa, hilo linaweza kusemwa juu ya biashara yoyote na siku moja likatimia. Huna haja ya kubishana nao. Na mume wako, ambaye hukumtaja, mwonyeshe hesabu ya 50 kabla hujaanza, ili akiona idadi ndogo asidhani umekata tamaa.

Fungu sina mamlaka nalo. Ninachoweza kukwambia ni kwamba hakuna kitu katika barua yako kinachoonyesha mtu asiyeweza kufuga. Umehesabu wafu kwa siku, jambo ambalo wengi hawafanyi. Lakini pia sikusukumi. Ukimaliza kuku 50, wakapona 47, na daftari likaonyesha kwamba bei ya chakula imemeza kila kitu na mteja wa Morogoro hataki kuongeza hata mia tano, basi acha, funga, rudi kwenye vitenge kwa amani. Kuacha kwa hesabu hakuna aibu. Nisichotaka ni uache kwa sababu ya kuku 148 ambao hakuna aliyewapasua.

Fedha ya kaka usiikatae wala usiichukue yote. Mwombe ya kuku 50, nyingine abaki nayo hadi utakapompelekea daftari la mzunguko wa kwanza, na baada ya hapo mzunguko wa pili uwe wa 100. Epuka vifaranga wa Juni na Julai, mkaa utakumaliza, anza baridi ikipungua. Siku ya kuweka oda, muulize wakala swali moja kabla ya bei: kuku mama wa vifaranga hawa walichanjwa gumboro? Kinga ya mama humlinda kifaranga siku za mwanzo, lakini hiyo hiyo huweza kuiua chanjo ukiiwahisha, kwa hiyo jibu lake ndilo litakalokusaidia wewe na mtaalamu wa kata yako kupanga siku ya kuchanja. Akishindwa kujibu, au akacheka, tafuta wakala mwingine.